Giaboksi ipi ya kubadilishia kwenye Ford F-150 ya 1990 yenye injini ya lita 4.9?

Mbebamizigo aliuliza:

Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nina pikapu ya Ford F-150 ya mwaka 1990, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, yenye injini ya lita 4.9 ya silinda sita za mstari mmoja na giaboksi ya gia tano ya M5R2, ile iliyotengenezwa na Mazda. Injini bado ina nguvu na haili oili, lakini giaboksi imeanza kunguruma kwa sauti inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, gia ya pili hukwaruza nikiiingiza haraka, na ya tatu huchomoka yenyewe ninapoondoa mguu kwenye mafuta nikiwa nateremka mlima.

Pikapu hii ni ya kazi. Hubeba kilo mia tano hadi mia saba, mara chache huvuta tela, na hupita barabara za changarawe zenye vilima kabla ya kufika kwenye lami, ambako hutembea kilomita 90 hadi 100 kwa saa. Matairi yake ni 235/75R15.

Nimeshauriwa mambo matatu yanayopingana: nitafute M5R2 nyingine, nifunge ZF S5-42 kwa kuwa ni imara zaidi, au nirudi kwenye NP435 ya gia nne, ambayo kila mzee wa pikapu niliyemuuliza anaapa kwamba haivunjiki. Ningependa kujua ni ipi inayofaa kwa kazi yangu, na kila moja italazimisha kubadilishwa kwa vitu gani vingine. Sitaki kununua giaboksi halafu nigundue kwamba nimenunua nusu ya gari.

Fundi Chuma alijibu:

Ndugu Mbebamizigo, kabla ya kulinganisha majina ya giaboksi, yapo mambo mawili unayopaswa kuyapima mwenyewe, kwa sababu yanaweza kuugeuza uamuzi wote.

La kwanza ni hiyo ngurumo. Katika giaboksi zote tatu ulizozitaja, gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingilia hufungamana na shafti ya kutokea, na nguvu hupita bila kuyatumia meno ya shafti ya chini. Endesha basi kwa mwendo wa wastani, sikiliza ukiwa gia ya tatu, ya nne, kisha ya tano. Ikiwa kelele inafifia sana katika gia ya nne na kurudi katika nyingine, beringi za shafti ya chini ndizo zilizochoka. Ikiwa haibadiliki kwa gia yoyote, na inaendelea hata unapoliacha gari liteleze na gia huru, shuku difu (gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) au krosi za propela shafti kabla ya kuilaumu giaboksi. Kelele inayoanza pale tu unapokanyaga klachi hutokana na beringi ya klachi au ile beringi ndogo iliyokaa nyuma ya krankishafti, na hiyo ni kazi tofauti kabisa, ingawa nayo hudai giaboksi ishushwe.

Ukiwa chini ya gari, angalia oili pia. M5R2 hutumia ATF, yaani oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki, ya kiwango cha Mercon, karibu lita 3.6, wala haihitaji oili nzito ya difu. Nyuma ya kifuniko cha juu, kile kinachobeba mkono wa gia, kuna vizibo vitatu vya mpira ambavyo hukauka kwa umri na kuanza kuvuja. Oili hiyo ni nyepesi, kwa hiyo husambaa juu ya ganda na kupotea kidogo kidogo, na mwenye gari anaweza kukaa muda mrefu bila kuona dimbwi chini. M5R2 nyingi zinazosemwa kuwa ni dhaifu ziliuawa na ukame kuliko mzigo.

La pili ni uwiano wa difu, yaani propela shafti huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kwenye kibandiko cha mlango wa dereva kuna namba ya ekseli ya nyuma: 18 maana yake ni 3.08, na 19 maana yake ni 3.55. Ikiwa kibandiko kimefutika, kuna kibati kidogo kilichofungwa kwenye boliti ya kifuniko cha difu. Usichague giaboksi kabla ya kuijua namba hiyo, kwa kuwa gurudumu halijui gia ya kwanza ina uwiano gani. Linachokipata ni zao la gia mara difu.

Kwa M5R2, gia ya kwanza ni 3.90 na ya tano ni 0.80. Ukiwa na difu ya 3.08, gia ya kwanza inakupa 12.0 kwa jumla, na kwa matairi yako injini itazunguka takribani mara 1,780 kwa dakika ukiwa gia ya tano kwenye kilomita 100 kwa saa. Ukiwa na 3.55, gia ya kwanza inapanda hadi 13.8 na mizunguko inafika 2,050. Injini ya 4.9 yenye mfumo wa kunyunyizia mafuta hutoa torki yake kubwa kabisa, karibu Nm 350, kwenye mizunguko kama 2,000. Linganisha namba hizo, utaona mara moja ni difu ipi inayoiweka injini mahali pake inapobeba mzigo.

Changarawe alijibu:

Ninakubaliana na Fundi Chuma kuhusu difu, lakini hesabu yake inaweza pia kuelekea upande mwingine, na ningeomba NP435 isipuuzwe haraka.

Gia zake ni 6.68, 3.34, 1.66 na 1.00. Ikiwa pikapu yako ina difu ya 3.08, gia ya kwanza itatoa 20.6 kwa jumla, uwiano ambao M5R2 haiufikii hata kwa difu ya 4.10. Utapanda mlima wa changarawe ukiwa na mzigo kamili kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kuiunguza klachi, na wakati wa kushuka injini itakushikilia bila kutegemea breki. Kwenye lami, gia ya nne kwa kilomita 100 itakupa mizunguko 2,230, ambayo kwa 4.9 si mzigo wowote. Kwa dhahiri utakosa gia ya tano, lakini kwa difu ndefu kama hiyo, yaani yenye namba ndogo ya uwiano, hutaililia sana. Ganda lake ni la chuma cha kuyeyusha, gia zake ni pana, na ubavuni kuna mlango wa kufungia kifaa cha kutolea nguvu kwa mtu mwenye winchi au pampu ya tipa.

Gharama zake zipo na sizifichi. Beli hauzi yake, yaani ganda linaloifunika klachi na kuiunganisha giaboksi na injini, imetengana na giaboksi, tofauti na M5R2 ambayo beli hauzi ni sehemu ya ganda lenyewe, kwa hiyo utahitaji beli hauzi ya Ford inayokubali mpangilio wa boliti wa 4.9, ambao ni uleule wa V8 za lita 5.0 na 5.8. Klachi yako ya sasa husukumwa na silinda iliyokaa ndani, kuizunguka shafti ya kuingilia, ilhali NP435 hutumia uma wa klachi. Tafuta beli hauzi ya pikapu za katikati ya miaka ya 1980, zilizokuwa na klachi ya mafuta yenye silinda ya nje, ili usilazimike kubuni vyuma. Propela shafti itapimwa upya, na tundu la mkono wa gia sakafuni halitakuwa mahali lilipo sasa. Ukimpata mtu anayevunja pikapu nzima ya wakati huo, chukua vyote kwa pamoja: giaboksi, beli hauzi, uma, silinda, propela shafti na hata kifuniko cha sakafu.

Gia ya kwanza haina sinkronaiza, yaani pete inayolinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza, lakini hilo lisikutishe. Ukiwa huna mzigo utaanzia gia ya pili, na giaboksi itakuwa kama ya gia tatu tu.

Dereva wa Tela alijibu:

Ndugu Changarawe ameeleza vizuri, ila kwenye hoja yake amelipita haraka jambo ambalo dereva atalihisi kila siku, yaani nafasi kati ya gia na gia. Kutoka 3.34 hadi 1.66 ni kupunguza uwiano kwa nusu nzima. Tuseme una mzigo, unapanda, umeivuta gia ya pili hadi mizunguko 3,000, sawa na kilomita 40 kwa saa kwa difu ya 3.08. Ukiingiza ya tatu, injini inaangukia 1,490, na katika muda uliotumia kubadilisha, mlima umeshakula sehemu ya mwendo wako. Hapo una mambo mawili: ama uvumilie injini ikiguna, ama urudi gia ya pili na kupanda ukipiga kelele kwa kilomita 35. Kwa M5R2, ambayo gia yake ya pili ni 2.25 na ya tatu ni 1.49, kutoka 3,000 unaangukia karibu 1,990, katikati kabisa ya nguvu za injini hiyo. Kwenye vilima virefu tofauti hiyo ina thamani kuliko gia ya kwanza ya kutambaa, ambayo mtu wa kilo mia saba huihitaji mara chache.

NP435 inafaa magari ya shambani na ya ujenzi ambayo siku nzima hayavuki mwendo wa kilomita 60. Huko haina mpinzani. Muulizaji anasema anafika lami na kwenda kilomita 100.

Kuhusu ZF S5-42, mimi ni shabiki wake na hata hivyo sitamshauri aifunge. Gia zake za upande wa petroli ni 5.72, 2.94, 1.61, 1.00 na 0.76, kwa hiyo inakupa gia ya kwanza nzito pamoja na gia ya tano ya safari, jambo ambalo hizo mbili nyingine haziwezi. Lakini ni kubwa na nzito, ilikusudiwa F-250 na F-350, na vipuri vyake vya ndani si vya bei ya kawaida. Tena ina mtego kwa mnunuzi: beli hauzi nayo ni sehemu ya ganda, na kuna maganda ya aina tatu, moja kwa injini za 4.9 na 5.8, la pili kwa petroli ya lita 7.5, na la tatu kwa dizeli. Ya dizeli ndiyo inayopatikana kirahisi, na ndiyo isiyoingia kwako. Juu ya hayo, ya dizeli kwa kawaida ina gia ya kwanza ya 4.14, kwa hiyo hata faida uliyoifuata hungeipata. Kisha tenganisha za magurudumu manne na za magurudumu mawili, maana mkia wake si mmoja.

Mtu akivuta tela zito kila siku, ninamwambia aitafute ZF iliyo sahihi na asiogope gharama. Kwa tela la mara chache, fedha hiyo ifanye kazi kwenye difu.

Mbebamizigo alijibu:

Nawashukuru sana. Nimefanya vipimo nilivyoelekezwa. Ngurumo inakaribia kupotea kabisa katika gia ya nne, na inarudi kwa nguvu katika ya tatu na ya tano. Namba ya ekseli mlangoni ni 18, kwa hiyo difu ni 3.08. Vizibo vya mpira vimelowa na vumbi limegandia nyuma yote ya kifuniko. Nilipofungua nati ya chini, oili iliyotoka haikufika hata nusu ya zile lita 3.6, ikiwa na rangi ya kahawia iliyoiva, yenye unga wa dhahabu na vipande vyembamba vya chuma ambavyo sumaku iliviokota.

Maswali yaliyobaki ni haya. Je, niikarabati hii niliyonayo au nitafute nyingine iliyotumika? Na nikipata M5R2 kutoka F-150 nyingine, itaingia hata kama ni ya mwaka tofauti au ya injini tofauti?

Fundi Chuma alijibu:

Unga wa dhahabu ni shaba ya sinkronaiza, na kiasi fulani ni kawaida kwa giaboksi ya umri huo. Vipande vyembamba vya chuma ni habari nyingine. Hivyo hutoka kwenye beringi au kwenye uso wa meno ya gia, na beringi za shafti ya chini zikishalegea, shafti husogea mbali na mwenzake na meno huanza kubebana kwenye ncha. Kuchomoka kwa gia ya tatu kunaweza kuwa na chanzo hichohicho, pamoja na uma wa gia uliolika.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza linategemea utakachokiona ndani. Ikiwa meno bado ni laini na yanang'aa sawasawa, kubadilisha beringi zote, sili, sinkronaiza na vizibo ni kazi halali, na utapata giaboksi ambayo unaijua historia yake kuanzia siku hiyo. Ikiwa meno ya shafti ya chini yana vishimo au magamba, acha. Shafti hiyo na gia zinazoshikana nayo zitakugharimu kuliko giaboksi nzima iliyotumika. Kwa dalili ulizozieleza, mimi ningeanza kutafuta nyingine hata kabla ya kuifungua hii, kisha ya zamani ningeiweka iwe akiba ya vipuri.

Kuhusu swali la pili, M5R2 ilianza kufungwa kwenye F-150 katika toleo la 1988. Tafuta ya pikapu za 1988 hadi 1996, ya magurudumu ya nyuma pekee, iliyotoka kwenye injini ya 4.9 au V8 ya lita 5.0, maana boliti za injini hizo mbili ni sawa. Usikubali iliyotoka kwenye V8 ya lita 4.6 iliyoanza na F-150 ya 1997, hata ikiwa safi kiasi gani, kwa sababu ganda lake halilingani na injini yako. Jambo jingine ni kebo ya spidomita. Pikapu za 1992 hadi 1996 husoma mwendo kutoka kwenye ekseli ya nyuma, lakini ya kwako hutumia gia ndogo iliyo kwenye mkia wa giaboksi, kwa hiyo hakikisha unayonunua ina nafasi na gia ya kuiendesha kebo. Muuzaji akikupa pamoja na flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya krankishafti) ya 5.0, usiifunge: flaiwili za V8 hiyo zina uzito wa ziada upande mmoja kwa ajili ya kuisawazisha krankishafti yake, na kwenye 4.9 zitaleta mtikisiko.

Ukiikagua, ingiza gia zote huku ukizungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, na usikilize kama kuna mahali inapokwama au kukwaruza. Shafti hiyo kuchezacheza kidogo upande kwa upande kusikushtue, maana ncha yake hushikwa na beringi iliyo kwenye krankishafti na hapo haipo. Kinachotisha ni ikivutika mbele na nyuma kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Fungua nati ya oili. Giaboksi isiyo na oili hata tone, ambayo muuzaji anasema ilimwagwa kwa sababu za usafiri, ina bei ndogo machoni mwangu kuliko yenye oili chafu, kwa kuwa ile chafu angalau inasema ukweli.

Kisha difu. Ninakubaliana na Dereva wa Tela kwamba hapo ndipo fedha inapofaa. Difu ya inchi 8.8 hukubali krauni na pinioni ya 3.55 bila kubadilisha kasha la ndani, lakini kupanga pinioni kunahitaji fundi mwenye vipimo na subira. Njia rahisi ni kutafuta ekseli nzima ya F-150 yenye namba 19 na kuihamisha kama ilivyo, ukilinganisha breki na mahali pa springi. Baada ya hapo spidomita yako itasoma karibu asilimia 15 zaidi ya mwendo halisi, mpaka ubadilishe ile gia ndogo ya kebo kwa yenye meno yanayofaa.

Dereva wa Tela alijibu:

Naongeza machache ya wakati wa kufunga. Kwa kuwa silinda ya klachi ya M5R2 imo ndani, ikivuja baadaye giaboksi itashuka tena. Weka mpya sasa, pamoja na klachi pleti, presha pleti, beringi ya krankishafti na sili ya nyuma ya injini, na flaiwili ichongwe uso wake ikiwa ina alama za kuungua. Vizibo vya mpira vya ile uliyoinunua vitoe giaboksi ikiwa bado iko sakafuni, kisha weka vya chuma vya kipenyo hichohicho na ufunike kingo kwa silikoni inayostahimili oili. Kazi hiyo ni ya dakika chache juu ya meza na ya mateso gari likiwa zima.

Wakati wa kuipandisha, ishikilie kwa jeki hadi boliti za beli hauzi ziume. Usiiache ining'inie kwenye shafti ya kuingilia, kwani uzito wake hukunja klachi pleti, na utakuta klachi haiachii vizuri huku ukidhani ni hewa kwenye mfumo. Mwisho, gari likiwa limesimama sawa, jaza ATF kupitia tundu la ubavuni hadi ianze kumwagika ukingoni, funga, endesha kidogo, kisha lifungue tena tundu hilo uhakikishe kiwango hakijashuka.